Kijerumani cha Muthiani

Mwaka jana chuo kimoja cha Kitui kilinialika nizungumze na wanafunzi waliokaribia kumaliza masomo. Hualikwa hivyo mara kwa mara, kwa kuwa mimi ni mama mzee niliyejilisha na kulisha wengine kwa ulimi. Nimekuwa mkalimani na mfasiri tangu ujana, na wakubwa wa vyuo hupenda kunionyesha kama ushahidi. Mimi huwaambia vijana yale yale kila mara, na ni ya kweli: digrii mtakuwa nayo nyote, Kiingereza mnacho nyote, sasa mwajiri atakuchagua wewe kwa lipi? Jifunzeni Kifaransa, Kichina, Kijerumani, chochote ambacho aliyeketi kando yako hana. Siku hiyo msichana mmoja wa kiti cha nyuma akainua mkono. "Mama, na wewe Kijerumani ulisomea wapi? Ulienda Ujerumani?" Nikamjibu kwamba nilisomea sokoni Kwa Vonza, nyuma ya hoteli, kando ya jiko la kuni. Ukumbi mzima ukacheka, wakidhani ni mzaha, nami nikacheka nao na kupokea swali lililofuata. Sikusema ni nani aliyenifundisha. Katika miaka yote ya kuwahutubia vijana sijawahi kumtaja. Juma hilo halikuisha kabla sijapigiwa simu na Kalekye, ambaye sikuwa nimeisikia sauti yake kwa miaka mingi. "Mutheu," akasema, bila hata salamu, "ndugu yangu ametutoka. Tunamzika Kalamba. Nimeona nikuambie."

Ndugu yake ni Muthiani, na mwaka ninaousimulia ni ule ambao chuo kikuu kilifungwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kulikuwa na vurugu Nairobi, wanafunzi wakaamriwa kutoka mabwenini na kurudi makwao, na kila mmoja akatakiwa awe anaripoti kwa chifu wake, aonekane, ajulikane kwamba yupo na ametulia. Nilirudi Kwa Vonza na sanduku langu la mabati, nikiwa nimesoma uchumi mwaka mmoja tu, nisijue kama nitausoma tena. Muthiani alikuwa ametangulia miaka miwili, akisoma jiografia na Kijerumani. Kwao ni Kalamba, upande wa Makueni, lakini aliomba akae kwa dada yake Kalekye aliyekuwa na hoteli pale sokoni kwetu, na chifu wetu akakubali kumpokea. Hatukuwa wachumba. Naliweka wazi mapema ili msomaji asilisubiri. Tulikuwa vijana wawili waliokuwa wakielekea mahali, tukasimamishwa njiani, na hapakuwa na mtu mwingine sokoni wa kuelewa tulichopoteza.

Hoteli ya Kalekye ilikuwa na chumba cha mbele chenye meza ndefu na mabenchi, ambapo wachuuzi wa mbuzi na madereva wa malori walikula. Nyuma palikuwa na jiko, na kati ya jiko na ua palikuwa na kijichumba kisicho na dirisha ambamo magunia ya mahindi na maharagwe yaliwekwa. Humo ndimo tulimosomea, saa za alasiri, wateja wa mchana wakishaondoka. Tuliketi juu ya magunia. Moshi ulitujia machoni, na kupitia ukuta wa mbao tulisikia kila lililosemwa mbele: bei ya mbuzi wa Kanyangi, mvua iliyokataa, mtoto wa fulani aliyetoroka. Hata sisi tulijisikia tukisemwa. "Hao wawili wanafanya nini huko ndani?" mtu aliuliza siku moja, na Kalekye akamjibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Wanasoma. Wewe kula muthokoi yako upoe moyo." Muthokoi yake ilikuwa ya mahindi yaliyotwangwa vizuri, laini, na alituwekea iliyoshika chini ya sufuria, kwa sababu Muthiani aliipenda hivyo. Hadi leo sijakula tamu kama ile.

Wazo la kunifundisha lilikuwa lake. "Unataka kuketi hapa unahesabu nzi?" aliniuliza. "Chuo kitafunguliwa au hakitafunguliwa. Ukiwa na lugha, hawawezi kuja kukuambia uirudishe." Hakuwa na kitabu. Vitabu vyake vilibaki bwenini, hakuviona tena. Alinifundisha kwa vitu vilivyokuwepo. Alishika kijiko, akasema kwa Wajerumani kijiko ni mwanamume. Uma ni mwanamke. Kisu si huyu wala yule. Kalekye, aliyekuwa akikanda unga wa chapati mlangoni, akasimama mikono ikiwa na unga. "Kisu si mwanamume?" akauliza. "Na ndicho kinachokata? Hawa watu wana nini?" Tulicheka hadi mteja mmoja akaja kuchungulia. Sentensi zilinisumbua zaidi, kwa maana kitenzi chao mara nyingi hutupwa mwisho kabisa. Muthiani akasema, "Kione kama mpishi. Mpishi hali mpaka wageni wote wamekula." Nikaelewa siku hiyo hiyo. Nimefundishwa baadaye na maprofesa, nimeketi katika madarasa yenye vioo na mashine za kusikilizia, na hakuna aliyewahi kunieleza jambo kwa namna iliyoingia upesi hivyo. Alikuwa na sikio. Aliigiza mwalimu wake wa Nairobi, aliigiza mtangazaji wa redio, akamwigiza hata chifu akiongea Kijerumani, na mimi nilijifunza kwa kucheka, bila kujua kwamba najifunza.

Kisha wakaja Wajerumani wenyewe. Mradi wa kuchimba visima uliweka kambi nje kidogo ya soko, mahema na mitambo, na siku moja mkuu wao, mhandisi mwembamba aliyeungua pua, akaingia kwa Kalekye kutafuta chakula. Jina lake lilikuwa Holger. Kiingereza chake kilikuwa cha shida na cha Kalekye hakikuwepo. Tulisikia ukutani yule mgeni akijaribu kuuliza kitu, Kalekye akimjibu, "Chapati? Chai? Nyama?" kila neno kwa sauti kubwa kuliko la kwanza. Muthiani akainuka juu ya gunia, akapitia jikoni, akasimama mlangoni akamwambia kwa Kijerumani safi kwamba maji ya kunywa yamechemshwa, asiwe na hofu, na kwamba akitaka nyama isiyo na pilipili aseme sasa. Niliona kwa ufa wa mbao uso wa mtu yule. Ni kama mtu aliyepotea porini na kuitwa kwa jina la utotoni. Wakaongea hadi chai ikapoa. Alipoondoka Muthiani alirudi kwenye magunia, akaketi. "Wanatafuta mtu," akasema. "Karani aliyekuja nao kutoka Nairobi hajui Kikamba. Wazee wanawakataza wasichimbe, na yeye hawezi kuwaeleza. Wanataka mtu wa lugha zote. Ameniambia niende kesho."

Kalekye aliniamuru nimsindikize. "Nenda naye," aliniambia, akimpigia kaka yake shati pasi ya makaa. "Akizubaa, umsukume." Tulitembea hadi kambini asubuhi, Muthiani akinifundisha njiani jinsi ya kumsalimia mkubwa kwa heshima, na akiniahidi kwamba akishaingia atawaambia kuna mwingine anayejifunza, kwamba kazi ya visima ni kubwa, haimtoshi mtu mmoja. Aliamini hivyo. Kambini tulimkuta chifu ameshafika, ameketi kwenye kiti cha turubai na kofia yake magotini, kwa sababu mradi haukuruhusiwa kumwajiri mtu wa pale bila yeye kusema kwamba anamjua na ni wa tabia njema. Bwana Holger alitupokea kwa furaha. Alikuwa tayari amemwandalia Muthiani nafasi mezani. Akamgeukia chifu na kumuuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu kama kijana huyu yuko sawa.

Chifu alikohoa. Akasema kwa Kiswahili, akitazama kofia, "Huyu siwezi kumsemea." Muthiani alikuwa mwakilishi wa bweni lake, na wakati wa zile vurugu alishikwa na kulala kituoni Nairobi kabla ya kuachiliwa. Hakushtakiwa kwa lolote. Lakini jina lake lilikuwa limefika ofisi za juu, na chifu alijua hivyo. Nataka kuwa wa haki kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto na kazi, na mwaka ule kila mtu aliogopa aliye juu yake. "Mwanangu, sina ubaya nawe," alimwambia Muthiani. "Lakini nikisema wewe ni mzuri na kesho niulizwe, nitajibu nini?" Bwana Holger alitazama mmoja hadi mwingine bila kuelewa. Nilimtazama Muthiani, nikingoja ajitetee kwa ile sauti yake ya kuigiza kila mtu. Alinyamaza. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alifanya hesabu upesi: neno lolote ambalo angelisema kwa Kijerumani mbele ya chifu, chifu angedhani anasemwa vibaya kwa lugha asiyoijua, na hilo lingekuwa kosa la pili.

Basi nikasema mimi. Sikupanga. Nilifungua mdomo na Kijerumani kikatoka, kwa kasi ambayo sikujua ninayo. Nilimwambia Bwana Holger kwamba kijana huyu hajaiba wala hajapiga mtu, kwamba kosa lake ni kuchaguliwa na wenzake awasemee. Kwamba chifu anaogopa, naye ana sababu. Kwamba hakuna mtu kutoka hapa hadi Kitui mjini awezaye kuwaeleza wazee habari za maji kama yeye, kwa sababu anajua kulieleza jambo hadi mjinga akaelewa. Nikasema mjinga huyo ni mimi. Nilisema mengi. Hasira ilinifungua, na aibu yangu yote ya vitenzi na vijiko ikatoweka. Sikuwahi kuongea vizuri hivyo, na kwa miaka mingi baadaye sikuongea tena vizuri hivyo.

Bwana Holger alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande. Nilipomaliza, hakumtazama Muthiani. Aliniuliza, "Umejifunza wapi?"

"Kwake," nikasema. "Tangu chuo kifungwe."

"Tangu kifungwe tu?"

"Ndiyo."

Akafikiri. Kisha akamgeukia chifu, akaninyooshea kidole. "Na huyu?"

Uso wa chifu ukafunguka kwa faraja. Hatimaye alikuwa amepata swali analoweza kulijibu. "Aa, huyu ni mtoto wetu," akasema. "Huyu hana neno. Huyu mchukueni."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza. Nilimtetea rafiki yangu vizuri hata nikapewa nafasi yake. Nimeipindua siku ile kila upande nikitafuta mahali ambapo ningefanya vingine. Ningenyamaza? Angekosa kazi vile vile, na ningejilaumu kwa kunyamaza. Ningeongea vibaya? Nimewahi kujikuta, mwanamke mzima, nikitamani ningekosea vitenzi. Hilo ndilo linalonitesa. Aliyetenda ubaya anaweza kuomba msamaha. Mimi ningeomba msamaha wa nini? Na bado sijapata siku moja ya kupokea mshahara bila kuhisi kuna mtu amesimama nyuma yangu kwenye foleni, mwenye haki ya kuwa mbele.

Njiani kurudi sikuweza kumtazama. Yeye ndiye aliyeanza. "Ulikosea mahali pamoja tu," akasema. "Pale uliposema 'kwa sababu', kitenzi ulikiwahisha." Nikaanza kulia, nikamwambia nitakataa, nitarudi kesho niwaambie sitaki. Akasimama. "Ukikataa itaenda kwa mtu wa Nairobi. Nitapata faida gani?" Nikamwambia si faida, ni haki. "Haki," akasema, kama mtu anayeonja chumvi, kisha akaendelea kutembea. Nilipoingia hotelini nyuma yake, Kalekye alitazama uso wa ndugu yake, akatazama wangu, akaelewa kitu fulani, akageukia sufuria. Muthiani alimweleza yote kwa Kikamba, kwa maneno machache. Sikumsikia akinilaumu. Nilimsikia Kalekye akisema, "Sasa kazi ni ya mwanafunzi, na mwalimu ale nini?"

Kwa majuma kadhaa aliendelea kunifundisha, jioni nikitoka kazini. Alinitafutia maneno ya pampu, ya mabomba, ya mwamba na chumvi, mengine akiyaunda mwenyewe mpaka nilipoyasikia kambini na kumletea yaliyo sahihi, naye akayapokea kwa hamu, kama mtu aliyeletewa barua na kumbe si yake. Nilikuwa nazunguka na gari la mradi hadi Kanyangi na kwingineko, nikiwaeleza wazee wasemayo wageni na wageni wasemayo wazee, na ukweli ni kwamba nilifurahi. Hilo nalo nalisema. Nilipenda jinsi watu walivyoninyamazia nilipofungua mdomo. Nilipenda kiti cha mbele cha gari. Nilirudi jioni nikinukia vumbi na petroli, nikiwa na biskuti za kopo nilizopewa kambini, nikaziweka juu ya gunia katikati yetu, na Muthiani akala moja kwa adabu. Kisha siku moja nilifika nikakuta kijichumba kimepangwa magunia hadi juu. "Amerudi Kalamba," Kalekye akasema. "Wanaandaa mashamba." Hakuwa na hasira. Alinipakulia muthokoi kama kawaida, lakini safari hii aliiweka kwenye meza ya mbele, kati ya wachuuzi wa mbuzi, na akaniuliza kama nataka chai, kama anavyowauliza wateja.

Chuo kilipofunguliwa tuliitwa kwa makundi, majina yakitangazwa. Langu lilitangazwa. La Muthiani halikutangazwa, wakati huo wala baadaye. Nilirudi Nairobi nikaacha nusu ya masomo ya uchumi, nikachukua Kijerumani, na kwa kuwa nilikwisha kukisema kambini, nilikuwa mbele ya darasa lote. Nilipomaliza, wenzangu niliosoma nao uchumi, wenye akili kunishinda, walizunguka mjini na vyeti vyao kwenye bahasha hadi viatu vikaisha. Mimi mradi ulinirudisha kabla hata sijavua joho. Kutoka hapo nikaenda kwenye shirika jingine, na jingine, nikaketi kati ya mawaziri na wageni wao. Wenzangu waliponiuliza siri niliwaambia, lugha. Sikusema uongo. Nilisema nusu ya jambo. Sikuwaambia kwamba mwenye lugha ile kunishinda alikuwa Kalamba akipanda michungwa, kwa sababu lugha peke yake haikumtosha alipokosa mtu wa kusema kwamba anamjua. Na sikwenda kumtafuta. Mara zote nilikuwa nitakwenda likizo ijayo. Niliogopa nini? Niliogopa kumkuta ana njaa. Kisha, miaka ilipozidi, niliogopa kwamba ataniongelesha kwa Kijerumani na nitasikia kwamba bado ananishinda.

Nilipokwenda mazishini, kwao Kalamba nilikuta nyumba nzuri ya matofali, tangi la maji, na michungwa safu kwa safu hadi bondeni. Kanisa lilijaa, watu wakasimama nje. Mzee wa kanisa alimtaja kama mkulima, mwekahazina mwaminifu, mume, baba wa watoto waliosoma. Hakuna aliyetaja chuo kikuu. Baada ya mazishi, akina mama wakiosha vyombo, nilimwendea mjane wake, mwanamke mtaratibu aitwaye Syombua, aliyeketi kwenye kochi amejifunga leso mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka arobaini. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mimi ni Mutheu. Mutheu wa Kwa Vonza."

Akanitazama kwa upole. "Karibu, dada. Mlijuana kanisani?"

"Chuo," nikasema. "Mwaka kilipofungwa. Hajawahi kukuambia?"

"Alisema alisoma kidogo Nairobi, ikakatika. Hakupenda kuizungumza." Akafikiri. "Mutheu? Hapana. Hakuwahi kukutaja."

Nilimweleza. Nilianza na magunia, nikaenda hadi kambini, hadi kwa chifu, hadi nilivyofungua mdomo. Nilisema yote, na nilikuwa nalia kabla sijafika mwisho. Lakini nilipoinua macho niliona kwamba alikuwa amesimama mahali pengine kabisa katika habari ile, hakunifuata tena.

"Kijerumani?" akauliza. "Muthiani alijua Kijerumani?"

"Kuliko mimi."

"Cha kuongea? Mtu anasema, anaelewa?"

"Alikuwa akikiongea kama wenyewe."

 Nje mtu aliburuta sufuria kwenye mawe. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa chini, hakuwa akinieleza mimi.

"Kuna wageni waliokuja hapa kanisani kwetu, wazungu, walituletea hilo tangi la maji la kanisa. Walikuwa Wajerumani, mchungaji alisema hivyo. Walikaa mbele na mkalimani wao wa Kiingereza, lakini wenyewe kwa wenyewe walikuwa wanaongea yao. Muthiani alikaa nami benchi la nyuma. Katikati ya maombi mmoja akamnong'oneza mwenzake kitu, na Muthiani akacheka. Peke yake, kanisa zima limenyamaza. Nikamfinya, nikamuuliza, 'Unacheka nini?' Akasema, 'Nimekumbuka kitu tu.' Kisha kikamzidi, akaweka mkono mdomoni akatoka nje." Akaitazama mikono yake. "Mimi niliona aibu, nikabaki nimeketi. Sikumfuata. Kwa hiyo sijui, dada. Sijui kama huko nje alikuwa bado anacheka."